Rangi: Nyeusi

Alikuja ndani ya katoni ya sabuni, mwezi wa Machi,
joto la Mikindani limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga.
Wakio alichungulia, akacheka:
"Baba, wamekuletea fundo la masizi."
Basi akawa Masizi. Hatukutafuta jina jingine.

Alikuwa mweusi wa chini ya sufuria,
na mwili mzima malaika,
yale manyoya ya mwanzo yasiyojua yalalie upande gani:
ukipuliza yanafunguka, ukiacha yanafumba.
Nilimpokea kwa viganja vilivyobeba magunia Shimanzi miaka ishirini na tisa,
nikavionea haya viganja vyangu.

Afisa wa mifugo alipita na sanduku lake la barafu.
Akamdunga, akajaza kadi kwa kalamu ya buluu:
Jina, Masizi. Jinsia, dume. Rangi, nyeusi.
Kadi nikaitia kwenye bahasha moja na kipande changu.

Mvua za masika ziliposhika, yalianza.
Kwanza mstari juu ya uti wa mgongo,
mwembamba, mgumu, unang'aa,
kama mshono wa fundi aliyeitwa kula katikati ya kazi.
Kisha mkia. Kisha mapaja.
Malaika wakaanza kuhama.
Niliwakuta chini ya kochi, niliwakuta kwenye uji,
na siku moja ya upepo
kwenye kanga za Bi Mwanatumu, zilizoanikwa ng'ambo ya ukuta.
Alizifua upya, bila neno.
Kesho yake nikampelekea mche wa sabuni,
bila neno vilevile.

Miezi miwili alikuwa kituko.
Shingo ya mbwa mzima, tumbo la kitoto,
mabaka kama nyumba iliyopakwa rangi na mtu
aliyetoroka na malipo ya kwanza.
Watoto wa ploti walimwita Mkeka.
Watu wazima waliniuliza, kwa upole, kama ni ukurutu.
Anakua, nilijibu, huyu anakua tu,
na sauti yangu ikatoka kali kuliko swali lao.

Kumbe chini ya weusi kulikuwa na mbwa mwingine
akingoja zamu yake:
rangi ya mahamri yaliyotolewa mafutani mapema,
kifua cha maziwa, manyoya mazito
yanayolala kuelekea mkiani, yote, kama yameamrishwa.

Novemba, Bi Mwanatumu aliniita ukutani.
"Yule mweusi alikufa lini? Mbona hukunambia, nikakupa pole?"
"Ndiye huyu."
Akamtazama kitambo.
"Hebu mwite."
Nikaita. Akaja mbio, mkia unapiga ndoo.
"Basi," akasema, "aliyesema uongo ni jina."

Machi nyingine. Foleni ya chanjo, uwanja wa shule,
watu wameshika kamba, vitambaa, waya wa umeme.
Afisa safari hii ni kijana, Nyale,
kadi yangu mkononi mwake.
"Mzee, hii ni ya mbwa mwingine."

Sikubishana. Nilipiga goti vumbini,
nikalikunja sikio la kushoto,
na pale nyuma, padogo kama kucha ya kidole gumba,
palikuwa na shungi jeusi, laini,
ambalo sikuwahi kumwonyesha mtu, hata Wakio.
Nyale aligusa kwa ncha ya kidole.
Akapuliza. Likafunguka.

Alikata neno *nyeusi*, akaandika *kahawia*,
akafikiri kidogo, akaongeza: *kwa sasa*.

Kisha akaomba kipande, anakili nambari.
Akaitazama picha. Akanitazama mimi.
Akaitazama tena picha.
Nilivua kofia, nikidhani ingemsaidia.

Masizi akajikuna kwa mguu wa nyuma.
Upepo ukachukua unyoya mmoja,
ukaupitisha juu ya foleni nzima,
nami sikuwahi kuona
ulikuwa wa rangi gani.